Namna ya Kujenga Visimbuzi Sambamba vya JPEG Ndani ya FPGA

Sehemu kubwa ya kazi ya kufungua picha ya JPEG hugawika bila ubishi. Kuzidisha kwa jedwali la ubora, kugeuza DCT (hesabu iliyobadili pikseli za bloku kuwa namba 64 ziitwazo koefishenti), kubadili rangi: kila bloku ya pikseli 8 kwa 8 hufanyiwa hayo peke yake, na ukiwa na mashine kumi unazipa bloku kumi. Sehemu inayogoma ni ile ya mwanzo kabisa, ya kusimbua Huffman. David Huffman alichapisha mbinu yake mwaka 1952, na uzuri wake ndio huo huo unaotutesa: kinachojirudia sana hupewa msimbo mfupi, kilicho adimu hupewa mrefu, na katikati ya misimbo hakuna kitenganishi chochote. Huwezi kujua msimbo wa pili unaanzia wapi mpaka ujue urefu wa wa kwanza. Panga visimbuzi kumi mbele ya mkondo mmoja wa biti, na tisa kati yake havitajua pa kuanzia.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika Verilog au VHDL, lugha za kueleza saketi, kiasi cha kujitegemea, mwenye ubao wa kawaida wa FPGA (chipu ambayo saketi yake unaipanga mwenyewe) mezani. Hesabu zangu nitazifanya kwa Artix-7 35T, yenye LUT 20,800 (vijedwali vidogo vinavyounda mantiki ya chipu) na matofali 50 ya kumbukumbu ya Kb (kilobiti) 36, kwa sababu bao za chipu hiyo ni nyingi na si za bei ya kutisha. JPEG nimeichagua kwa kuwa mafaili yake yako kila mahali, zana zake ni za bure, na kiwango chake cha T.81 cha mwaka 1992 kiliacha mlango wazi wa usambamba ambao watu wengi hupita bila kuugonga.

Jambo moja ulishike tangu sasa, maana hatua zote zinalizunguka: kazi ngumu hapa ni kujua urefu. Kujua msimbo unamaanisha nini kunaweza kusubiri mipigo kumi ya saa bila madhara yoyote. Urefu hausubiri.

Hatua ya 1: Soma biti kwa mkono

Usiiruke hatua hii hata kama umeshasoma vitabu vyote. Chukua kalamu. Hii ni bloku moja ya mwangaza, iliyosimbwa kwa majedwali ya mfano yaliyomo kwenye Kiambatisho K cha T.81:

01111000110011010

Ni biti 17. Jedwali la DC (koefishenti ya kwanza ya bloku, inayoandikwa kama tofauti na ya bloku iliyotangulia) linasema 011 ni "thamani ya biti 2", kwa hiyo chukua biti mbili zinazofuata: 11, yaani 3. Sasa umeingia kwenye AC, yaani koefishenti 63 zinazobaki. Msimbo 00 unasema "hakuna sifuri kabla, thamani ya biti 1". Biti inayofuata ni 0, na kwa JPEG hiyo ni -1. Kisha 1100, "sifuri moja kabla, thamani ya biti 1". Biti inayofuata ni 1, yaani +1. Mwisho 1010, ambao ni EOB: bloku imekwisha, koefishenti zote zilizosalia ni sifuri. Ukiigawa inakuwa hivi:

01111 | 000 | 11001 | 1010

Angalia kwamba baada ya kila msimbo huja biti za thamani, na idadi yake imetajwa ndani ya msimbo wenyewe. Hatua ya kusonga mbele, basi, ni urefu wa msimbo ukijumlisha idadi ya biti za thamani. Kwa JPEG ya msingi, msimbo haupiti biti 16; thamani ya AC haipiti biti 10 na tofauti ya DC haipiti 11. Hatua ndefu kuliko zote ni biti 27, hivyo dirisha la biti 32 linatosha.

Sasa kosea kwa makusudi. Hesabu biti kuanzia 0, ruka tatu za mwanzo, uanzie biti ya 3 ukijifanya hujui ulipo. Kilichobaki ni 11000110011010. Kwa jedwali la AC unapata 1100 na thamani 0, halafu 1100 na thamani 1, halafu 1010. Usomaji wa kwanza ni uongo mtupu. Wa pili, kuanzia biti ya 8, ni ule ule wa kweli! Umeingia kwa dirishani na bado ukaangukia sebuleni. Misimbo mingi ya Huffman ina tabia hii ya kujirekebisha, na Hatua ya 6 yote imesimama juu yake.

Hatua ya 2: Andika kielelezo cha programu kabla ya saketi

Kwa C au Python, haijalishi. Kinachotakiwa ni programu ya polepole inayoandika mstari mmoja kwa kila msimbo: mahali ulipoanza kwa biti, urefu, idadi ya sifuri, ukubwa wa thamani, koefishenti ya ngapi, bloku ya ngapi. Mistari hii ndiyo utakayolinganisha na saketi yako baadaye, mstari kwa mstari. Picha zikitofautiana mwishoni bila mistari hii, utakaa wiki nzima ukitafuta biti moja.

Kuhakikisha kielelezo chenyewe ni sahihi, tumia jpeg_read_coefficients iliyomo kwenye maktaba ya libjpeg. Inakupa koefishenti ghafi kabla ya DCT, hivyo hutasumbuka na tofauti ndogondogo za kukadiria desimali ambazo hutokea visimbuzi viwili vinapogeuza pikseli kila kimoja kwa namna yake.

Hatua ya 3: Jenga kisimbuzi kimoja, na kiwe cha kasi kweli

Wengi hukimbilia kunakili. Ukinakili kisimbuzi kizito mara nane unapata visimbuzi vizito vinane na chipu iliyojaa.

Kiini cha kisimbuzi ni mzunguko mmoja: angalia dirisha, pata hatua ya kusonga, sogeza dirisha, rudia. Huwezi kuukata mzunguko huu kwa rejista katikati na kutegemea mkondo huo huo uende haraka zaidi, kwa sababu mpigo unaofuata unasubiri jibu la mpigo huu. Kila kitu kinachoweza kutoka nje ya mzunguko kitoe: kugeuza biti za thamani kuwa namba yenye alama, kujumlisha DC, kupanga koefishenti kwa mpangilio wa zigizaga, kuandika kumbukumbu. Vyote hivyo vifuate nyuma kwa paipulaini ndefu upendavyo.

Jedwali la moja kwa moja la biti 16 linavutia kwa urahisi wake, lakini piga hesabu: safu 65,536 kwa biti 13 kila moja (8 za maana ya msimbo, 5 za urefu) ni Kb 832. Chipu yetu nzima ina Kb 1,800, na picha ya kawaida ya rangi inatumia majedwali manne. Hapana.

Badala yake tumia njia mbili kwa pamoja.

Njia ya haraka ni jedwali la biti 9 za mwanzo za dirisha, safu 512. Kila safu ibebe hatua kamili ya kusonga, yaani urefu wa msimbo na biti za thamani vikiwa vimeshajumlishwa (biti 5 zinatosha, maana kikomo ni 27), pamoja na biti 8 za maana ya msimbo. Siri iko kwenye kule kujumlisha mapema. Ukiweka urefu peke yake, mzunguko wako utalazimika kusoma jedwali, kutoa ukubwa wa thamani, kujumlisha, ndipo uhamishe. Kijumlishi hicho kidogo kitakugharimu. Iweke kwenye LUT zinazotumika kama kumbukumbu badala ya kutumia tofali la Kb 36, kwa sababu LUT husomeka papo hapo ndani ya mpigo ule ule. LUT moja hubeba safu 64 za biti moja, kwa hiyo safu 512 ni LUT 8 kwa kila biti, na biti 13 ni LUT 104, ukiacha vichaguzi vya kuziunganisha. Majedwali manne ni LUT 416 kwa kisimbuzi. Bei poa.

Njia ya polepole ni ya misimbo inayozidi biti 9. Hapa tumia mpangilio maalumu wa misimbo ya JPEG: misimbo ya urefu mmoja hufuatana kwa namba, na mirefu huwa na thamani kubwa kuliko mifupi ukiisukuma yote kushoto hadi biti 16. Kwa kila urefu weka kikomo kimoja cha biti 16. Linganisha dirisha na vikomo vyote kwa wakati mmoja. Urefu wa kwanza ambao dirisha ni dogo kuliko kikomo chake ndio jibu. Kisha toa mwanzo wa kundi hilo, upate faharasa, usome maana ya msimbo kwenye kumbukumbu ndogo. Njia hii ichukue mipigo miwili au mitatu bila aibu: misimbo mirefu ni mirefu kwa sababu haitokei mara nyingi. Tena kuna zawadi ndogo hapa. T.81 inakataza msimbo wa biti zote kuwa 1, hivyo hakuna kikomo kinachofika 65,536, na biti 16 hazifuriki kamwe.

Kabla ya dirisha weka kichujio cha baiti. Ndani ya data za JPEG, baiti FF lazima ifuatwe na 00 ya kujazia, na hiyo 00 uitupe. Ifanye kazi hii kabla ya biti kuingia dirishani. Ukiiacha hadi ndani ya mzunguko, umeuua.

Hatua ya 4: Fungua mlango wa RST

Sasa usambamba wenyewe. T.81 inamruhusu msimbaji kukata picha vipande kwa alama za RST, kuanzia FFD0 hadi FFD7, zinazozunguka kwa zamu. Kila baada ya idadi fulani ya makundi ya bloku (kiwango kinaliita kundi MCU, na idadi yenyewe imeandikwa kwenye sehemu ya DRI kichwani mwa faili), msimbaji hujaza biti hadi baiti ikamilike, huweka alama, na hurudisha utabiri wa DC kwenye sifuri. Kipande kinachofuata hakidaiwi chochote na kilichotangulia.

Alama hizi ziliwekwa hasa ili kisimbuzi kiweze kujinasua data zikiharibika njiani. Kwetu sisi ni sehemu za kuanzia, tena zisizo na shaka: kwa kuwa FF ya ndani ya data hufuatwa na 00 siku zote, ukiona FF na baada yake D0 hadi D7, hiyo ni alama na si kitu kingine. Unaweza kuzitafuta bila kusimbua hata biti moja.

Mafaili mengi hayana alama hizi, lakini kwa jpegtran, zana inayokuja na libjpeg, unaweza kuziongeza bila kupoteza ubora hata chembe, kwa sababu ni misimbo tu inayopangwa upya:

jpegtran -copy all -restart 1 asili.jpg > mpya.jpg

Namba 1 ni "kila safu moja ya MCU". Ukiandika 4B inakuwa kila MCU nne. Kama picha zinatoka kwenye msimbaji wako mwenyewe, cjpeg nayo inakubali -restart, na hapo umemaliza tatizo kabla halijazaliwa.

Gharama? Picha ya 1920 kwa 1080 yenye rangi zilizopunguzwa kwa mtindo wa 4:2:0 ina MCU za pikseli 16 kwa 16: 120 kwa upana, 68 kwa urefu, jumla 8,160. Alama kwa kila safu ni alama 67, baiti 134, na juu yake kujaza chini ya baiti moja kwa kila kipande na DC chache zinazoandikwa upya kwa ukubwa wake kamili. Kwenye faili la KB 500 hutaliona ongezeko hilo. Alama kwa kila MCU moja moja ni baiti 16,318, zaidi ya asilimia 3 ya faili hilo, na hujapata faida yoyote ya maana kuliko alama kila safu. Mtu asikushawishi kwamba vipande vidogo zaidi ni bora zaidi.

Mtafutaji wa alama mweke peke yake. Anasoma baiti 8 kwa mpigo, anaangalia jozi zote nane kwa pamoja, na anatoa vitu vitatu: anwani ya mwanzo wa kipande, anwani ya mwisho, namba ya kipande. Aishike baiti ya mwisho ya neno lililopita, maana FF inaweza kuangukia mwisho wa neno moja na D3 ikawa mwanzo wa linalofuata. Kosa hili halionekani kwenye picha ya majaribio moja. Linajitokeza siku ya kumwonyesha mteja. Kutupa zile 00 si kazi yake, mwachie kila kisimbuzi. Yeye abaki msomaji tu, ndipo atakapokuwa mbele ya wote siku zote.

Hatua ya 5: Gawa vipande kwa foleni

Mpango wa kwanza unaokuja kichwani ni kugawa kwa zamu: kipande 0 kwa kisimbuzi 0, kipande 1 kwa kisimbuzi 1, na kuendelea. Usifanye hivyo. Kwenye picha ya mandhari, safu za anga zina biti chache na safu za majani zina biti tele. Ukigawa kwa zamu, kisimbuzi kilichoangukia majani kinachelewesha wote. Weka foleni moja. Kisimbuzi kinachomaliza kinachukua kipande kinachofuata.

Hakuna haja ya kupanga matokeo upya. Kipande namba k kinaanzia MCU namba k mara urefu wa kipande, kwa hiyo kila kisimbuzi kinajua mahali pake kwenye kumbukumbu ya picha na kinaandika hapo hapo, nani atangulie nani achelewe si hoja.

Idadi ya vipande iwe mara kadhaa ya idadi ya visimbuzi. Vipande 68 kwa visimbuzi 8, kama vyote vingelingana, ni duru 9 na nafasi 72, ambapo 4 tu zinapotea. Vipande 12 kwa visimbuzi 10 ni balaa: duru ya pili ina wafanyakazi wawili na watazamaji wanane.

Kuna ujanja mwingine ambao binafsi naupenda kuliko kuongeza nakala. Nilisema mzunguko wa urefu haukatiki kwa mkondo mmoja. Kwa mikondo mitatu unakatika. Weka rejista mbili zaidi ndani ya mzunguko, halafu uupe vipande vitatu vinavyopokezana: mpigo wa kwanza kipande A, wa pili B, wa tatu C, wa nne unarudi A na jibu lake limeshafika. Kila kipande peke yake kinapata mpigo mmoja kati ya mitatu, ila njia ndefu ya saketi imekatwa, saa inaweza kupandishwa, na jedwali, vilinganishi na kihamishi ni vile vile kwa vipande vyote. Unachonakili ni hali tu: dirisha, nafasi ya koefishenti, utabiri wa DC wa rangi tatu. Kwa chipu ndogo, visimbuzi vitatu vya namna hii vinabeba vipande tisa kwa wakati mmoja kwa gharama ya chini sana.

Hatua ya 6: Faili halina alama, na huruhusiwi kuligusa

Hapa pana kazi. Kama unaweza kuikwepa kwa jpegtran, ikwepe.

Ukishindwa, una njia mbili. Ya kwanza ni kusimbua sehemu zote kwa pamoja: chukua dirisha la biti 32, weka vitafuta-urefu 32, kimoja kikianzia kila biti. Kila kimoja kinasema "kama kuna msimbo unaanzia hapa, unaofuata unaanzia pale". Mingi ya misimbo hiyo si ya kweli. Kisha unafuata mnyororo kutoka biti unayoijua, na mnyororo huo huhitaji kufuatwa kwa hatua tano tu ukiunganisha miruko kwa jozi: miruko ya msimbo mmoja, ya miwili, ya minne, na kuendelea. Unapata misimbo kadhaa kwa mpigo bila kujua chochote kuhusu faili. Bei yake ni kwamba sehemu kubwa ya saketi inafanya kazi ya kutupwa, na JPEG inaongeza kero ya kubadilisha jedwali kutoka AC kwenda DC kila bloku inapoisha, kwa hiyo kila nafasi huhitaji majibu ya majedwali yote mawili. Kwenye 35T sikushauri.

Ya pili ni kujirekebisha, kule kuingia kwa dirishani tulikoona. Klein na Wiseman waliitumia tabia hiyo kwa JPEG mwaka 2003, na Weißenberger na Schmidt waliipeleka kwenye GPU (chipu za michoro) mwaka 2018 kwa Huffman ya jumla. Utaratibu ni huu. Kata data vipande vya ukubwa sawa, popote pale, bila kujali misimbo. Kila kisimbuzi kianze mwanzoni mwa kipande chake kikikisia, na kiandike kwenye kumbukumbu ndogo mahali kila msimbo ulipoanzia. Kikifika mwisho wa kipande chake kisisimame: kiendelee kuingia kwa jirani hadi hali yake ilingane na hali aliyoiandika jirani. Zikilingana, kila kitu cha jirani kuanzia hapo ni cha kweli. Kisimbuzi cha kwanza kilianza mahali sahihi, kwa hiyo ukweli unaenea kutoka kwake.

Neno "hali" ndilo linalowaponza watu. Kwenye mfano wetu biti zililingana kuanzia biti ya 8, lakini hesabu ya koefishenti haikulingana: kisimbuzi cha kweli kilisoma ile +1 kama koefishenti ya 3, na kilichokisia kiliisoma kama ya 4. Vilipatana baada ya EOB, kwa sababu wote wawili walianza bloku mpya. Hata hapo, kilichokisia hakijui bloku hiyo ni ya mwangaza au ya rangi, na rangi ina majedwali mengine. Hali inayotakiwa kulingana, basi, ni vitu vitatu: biti, nafasi ya koefishenti, na nafasi ya bloku ndani ya MCU. Ukilinganisha biti peke yake utapata picha nzuri sana yenye nyuso za kijani.

Baada ya kulingana, kila kipande kinajua kina bloku ngapi lakini hakijui zinaanzia namba ngapi, wala DC zake zinaanzia thamani gani. Jumlisha kwa mfululizo: idadi za bloku kwa ajili ya anwani, tofauti za DC, za mwangaza na za kila rangi peke yake, kwa ajili ya thamani za kuanzia. Ndipo pasi ya pili iandike.

Hakuna dhamana kwamba vitalingana haraka. Faili moja lenye bahati mbaya linaweza kukulazimisha kwenda kipande kwa kipande kama zamani. Weka kikomo, na kikipitwa, kisimbuzi cha kwanza kiendelee peke yake. Na usijaribu ujanja huu kwenye usimbaji wa hesabu, kama ule wa CABAC wa video za H.264, huko kila biti inategemea historia yote, hakuna kujirekebisha.

Kwa mafaili mengine, neno moja moja. Zstandard, mfumo wa kubana mafaili, mara nyingi hugawa sehemu ya Huffman kwa mikondo minne, na baiti 6 za mwanzo zinasema mitatu ya kwanza ina urefu gani. Waliofanya hivyo walijua wanachokifanya. Misimbo yake haizidi biti 11, jedwali la safu 2,048. DEFLATE ya gzip haina ukarimu huo: bloku zake zilizobanwa haziandiki urefu wake, na juu ya hapo inarejea nyuma hadi baiti 32,768, hivyo hata ukipata pa kuanzia bado unahitaji data za jirani. Kama mfumo ni wako, kata faili kabla ya kulibana, kama BGZF inavyofanya kwa data za jeni: vipande visivyozidi KB 64, kila kimoja kikiandika ukubwa wake kichwani.

Hatua ya 7: Angalia mlango wa kutokea

Visimbuzi vikishakuwa vya kasi, msongamano huhamia upande wa pili. Chukua picha ya kijivu tupu. Bloku ya mwangaza ni DC ya sifuri, 00, na EOB, 1010: biti 6. Ya rangi, kwa majedwali ya Kiambatisho K, ni 00 na 00: biti 4. MCU nzima ya 4:2:0 ni mwangaza nne na rangi mbili, biti 32. Baiti nne zimeingia, koefishenti 384 zinatakiwa kutoka, na kila kisimbuzi kinamaliza bloku kwa mipigo miwili. Hakuna DCT ya ukubwa wa kawaida itakayomeza mwendo huo kutoka visimbuzi vinane.

Usiandike sifuri, basi. Pitisha orodha ya koefishenti zisizo sifuri pamoja na nafasi zake, na bloku yenye DC peke yake ipewe alama ili DCT iirukie na kujaza thamani moja pikseli zote 64. Kila kisimbuzi kiwe na foleni fupi ya kutokea, na foleni ikijaa kisimbuzi kisimame kwa adabu bila kupoteza dirisha.

Hatua ya 8: Mafaili ya kutesa, halafu vihesabu

Endesha simulesheni kwa Verilator ukilinganisha na ile mistari ya Hatua ya 2. Usitumie picha nzuri tu. Tumia kijivu tupu kwa sababu niliyoieleza. Kelele tupu kwa ubora wa 100, ili misimbo mirefu itokee mfululizo. Picha ambayo upana wake haugawanyiki kwa 16. Faili lenye FF kwenye kila nafasi ya neno la baiti 8. Faili lililokatwa katikati. Na faili ambalo umegeuza biti moja kwa mkono. Kwa hilo la mwisho, kisimbuzi kikikuta msimbo usiokuwepo au koefishenti ikipita 63, kiache kipande, kijaze kijivu, kichukue kingine. Kihesabu cha RST cha 0 hadi 7 kikiruka namba, ujue kuna kipande kimepotea, na namba za MCU zinazofuata zirekebishwe kabla hazijaandikwa mahali pa wenzao.

Kisha weka vihesabu vitatu kwa kila kisimbuzi: mipigo ya kazi, mipigo ya kusubiri data, mipigo ya kusubiri nafasi ya kutokea. Cha kusubiri data kikiwa kikubwa kwa wote, kumbukumbu yako ya nje haitoshi, na kuongeza visimbuzi ni kuongeza wanaosubiri. Cha kutokea kikiwa kikubwa, rudi Hatua ya 7. Vyote viwili vikiwa vidogo na kazi ikiwa karibu mipigo yote, ongeza visimbuzi hadi chipu ijae. Na kama baadhi viko kazini huku vingine havina hata kipande cha kuchukua, acha saketi kama ilivyo na uangalie faili: DRI yake ni kubwa mno, endesha jpegtran kwa namba ndogo zaidi.